Kufundisha Mageuko Mwisho wa Reli

Mwalimu wa biolojia anayepangiwa Kigoma ana bahati ambayo wenzake wengi hawana, ingawa siku anayoshuka kwenye treni, mgongo unauma na godoro bado limefungwa kamba, haioni. Mimi niliiona nilipofika kwenye mada ya mageuko ya viumbe, kidato cha nne. Vitabu tulivyokuwa navyo vilirudia mifano ileile: ndege wa visiwa vya Galápagos, nondo wa Uingereza waliogeuka weusi enzi za masizi ya viwanda, shingo ya twiga. Sina ugomvi na mifano hiyo. Lakini mtoto wa Ujiji hajawahi kumwona nondo wa Manchester, wakati hatua chache kutoka kwao kuna Ziwa Tanganyika, lenye umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12, na ndani yake zaidi ya spishi 200 za samaki wa ukoo wa perege, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Galápagos ya nini tena?

Shida ni kwamba wanafunzi hawaji darasani wakiwa watupu. Wanakuja na ule mchoro wa foleni: nyuma kabisa nyani ameinama, katikati jamaa mwenye manyoya ameshika rungu, mbele mtu amenyooka anatembea zake. Mchoro ule, kwa maoni yangu, umeharibu kuliko ulivyofundisha. Unaandika tu kichwa cha mada ubaoni, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, kama sisi tulitokana na nyani, mbona wale wa Gombe mpaka leo ni nyani?" Gombe ni hifadhi ya sokwe, hapo jirani yetu. Kila mwaka swali hilo halikosi muulizaji, na kila anayeuliza huwaangalia wenzake kwanza, akijua amenikamata.

Nikazoea kujibu, "Tutafika huko. Kesho njooni na samaki."

Sababu yangu si kukwepa. Kijana ukimwanzishia na ukoo wake mwenyewe anakaa kwenye utetezi, na mtu anayejitetea hapimi ushahidi. Kwa kuhe na dagaa hana cha kutetea, anaangalia tu kilichopo mezani.

Samaki tuliwapata mwalo wa Kibirizi, wengine kwa kununua, wengine kwa sababu darasani hawakosekani watoto ambao baba anamiliki mtumbwi au mama anaanika dagaa. Nikawapa kazi ya kupanga makundi kwa undugu. Kundi la kwanza walilolipanga lilikuwa la bei! Kuhe na sangara huku, dagaa kule, na vile vidogo vya kwenye mawe ambavyo hakuna anayenunua vikatupwa pembeni. Nikawaambia wafungue midomo, wahesabu mapezi, wakate koo. Hapo ndipo darasa lilipochangamka, kwa sababu samaki wa ukoo wa perege ana taya la pili ndani ya koo, lenye meno yake, na ukilitoa taratibu kwa kibanio unaweza kulishika mkononi. Ngege analo. Kuhe, ambaye anaweza kufika sentimita 80, analo. Na yule mdogo anayeishi maisha yake yote kwenye ganda tupu la konokono, mfupi kuliko kidole chako, naye analo. Mgebuka hana la namna hiyo. Ndani ya dakika chache makundi ya bei yalivunjwa, na yule aliyetupwa pembeni akawekwa pamoja na kuhe.

Taya hilo si la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Kwa kuwa kazi ya kusaga chakula hufanywa kooni, mdomo wa mbele umebaki huru kubadilika kufuata namna ya kukipata chakula: kukwangua mwani kwenye jiwe, kufyonza vijidudu kwenye mchanga, kukamata samaki wengine. Wataalamu wengi wanaliona kuwa moja ya sababu za ukoo huu kutawanyika kiasi hiki katika maziwa yetu makubwa. Hilo mwanafunzi akilishika mkononi halisahau.

Halafu kuna mla magamba. Jina lake la kitaalamu ni Perissodus microlepis, na riziki yake ni kuwavizia samaki wengine na kuwang'oa magamba ubavuni. Mdomo wake umepinda, wengine umepinda kulia, wengine kushoto. Wa kulia huja kwa nyuma na kushambulia ubavu wa kushoto wa windo, wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia samaki hawa kwa miaka mingi: uwiano wa pande mbili huyumba huku na huku, lakini hauachi kurudi karibu na nusu kwa nusu.

Kueleza kwa chaki kulikuwa kugumu, kwa hiyo tukalicheza uwanjani. Mwanafunzi mmoja ni windo, amebandikwa vipande vya karatasi pande zote mbili za shati. Wenzake wanamjia kwa nyuma, wa kulia wanalenga ubavu wake wa kushoto, wa kushoto ubavu wa kulia, yeye anaruhusiwa kugeuka na kukinga. Ukiweka washambuliaji wengi wa kushoto na mmoja tu wa kulia, windo linajifunza upesi kulinda upande wenye fujo, na yule mmoja anakula karatasi mpaka anacheka. Basi kanuni ikawa kwamba aliyeshiba anaongeza mwenzake wa upande wake kwenye raundi inayofuata. Raundi zikasonga, wa kulia wakaongezeka, windo nalo likageuza macho, na wa kushoto wakaanza kushiba. Walichoshika hapo hakimo kwenye ile kauli ya "mwenye nguvu ndiye anayebaki" ambayo wote wanaijua kwa moyo. Hakuna mdomo ulio bora. Kuna mdomo unaofaa kwa sasa, kutegemea majirani wako wana mdomo gani. Na hakuna aliyeupinda mdomo wake kwa kutaka. Kila mmoja aliingia uwanjani na upande aliopewa.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalowapotezea alama. Kwenye majibu yao samaki huwa anahitaji kitu, ndipo mwili wake unabadilika, na watoto wanarithi. Nimewahi kusahihisha rundo zima la karatasi ambamo twiga, nondo na bakteria wote walikuwa na nia. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuwarudisha uwanjani: tofauti zilikuwepo kabla ya shambulio, mazingira yakapunguza hawa na kuongeza wale, kizazi kilichofuata kikawa na uwiano mwingine. Anayeweza kuyaandika hayo matatu kwa mpangilio kuhusu mla magamba, anaweza kuyaandika kuhusu vijidudu vinavyostahimili dawa.

Kuhusu spishi kugawanyika, mwalimu wao halisi alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuzamia akikamata samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje. Hakuwa na cheti cha biolojia. Alilijua jabali moja baada ya jingine pwani ya Tanganyika, na alikuwa na habari za samaki wa jenasi ya Tropheus kuliko kitabu chochote tulichokuwa nacho. Samaki hao wanakwangua mwani kwenye mawe, na rangi zao hubadilika ukitoka pwani moja kwenda nyingine: wa Ikola ana mkanda mpana wa njano, ukisogea unakuta wekundu, ukisogea tena weusi watupu. Wanunuzi wa ng'ambo huwaita kwa majina ya vijiji vyetu, jambo lililowachekesha sana wanafunzi.

"Shikamoo mzee. Kwani hawawezi kuogelea wakavuka ule mchanga wakaenda kwa wenzao?" aliuliza binti mmoja.

"Marahaba mwanangu. Wakafuate nini? Chakula kiko kwenye mawe, maficho yako kwenye mawe. Akitokeza kwenye mchanga mweupe pale, hafiki."

Nusu ya somo ikawa imekwisha. Mchanga wa kilomita chache, usioonekana kwenye ramani, unatosha kuwatenga. Kilichobaki kwangu ni kuongeza muda. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na sakafu yake si moja. Kuna mabonde, la kaskazini letu hapa na la kusini lenye kina zaidi. Katika vipindi vya ukame vya kale maji yalishuka kwa mamia ya mita, fukwe zikahama, vikundi vilivyokuwa pamoja vikatenganishwa na vilivyotengana vikakutana. Rudia hivyo mara nyingi kwa mamilioni ya miaka.

Lakini nikaona wanaanza kuamini kwamba muda mrefu ndio kila kitu, nikawaletea Ziwa Victoria. Lenyewe lina kina cha mita 80 hivi tu, na tabaka za matope ya chini zinaonyesha lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita. Hata hivyo samaki wake wa ukoo huuhuu walifikia spishi kama 500. Mababu zao waliingia na mchanganyiko mkubwa wa jeni kutoka mito ya jirani, wakakuta ziwa jipya lenye nafasi tupu. Baadaye, katika miaka ya 1950, sangara akapandikizwa humo na spishi nyingi zikatoweka kabla hata hazijapewa majina. Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha mmoja akauliza kama Mwanza wanajua. Wanajua.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha konokono. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa Kiingereza, J. E. S. Moore, alikuja Tanganyika na kushangazwa na magamba ya konokono wake: mazito, yenye miiba na mikunjo, yanafanana kabisa na ya baharini. Humo humo kuna yavuyavu, wadogo wa sentimita mbili hivi, na yavuyavu tunawajua kwa bahari. Moore akahitimisha kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale, ya enzi za dinosaria, na mwaka 1903 akalitolea kitabu. Ni hoja nzuri, na nawaacha wanafunzi waiamini kwa dakika kadhaa. Kisha nawauliza: ukitaka kumpinga, utatafuta ushahidi gani?

Wanaleta mengi. Chumvi. Umri wa miamba. Samaki wengine. Mmoja alisema tuchunguze kama konokono hao wana undugu na wa baharini kwa ndani, si kwa ganda, na hapo ndipo penyewe: mwili na vinasaba vyao vinawaweka pamoja na konokono wa maji baridi wa Afrika. Bonde la ziwa lenyewe ni changa mno kwa nadharia ya Moore. Sasa ganda nene lilitoka wapi? Tulishuka ufukweni kuokota maganda, na tukapata yenye makovu, ukingo umevunjwa halafu konokono akaendelea kujenga. Wavunjaji ni kaa. Ziwa lina kaa wake lenyewe wenye magando ya kuponda, na kwa vizazi vingi konokono wenye ganda jembamba wameliwa, wenye nene wakazaa. Baharini nako kaa hufanya hivyohivyo. Mtihani uleule umetoa majibu yanayofanana kwa familia mbili zisizo na undugu wa karibu.

Kichekesho ni kwamba mwenye asili ya bahari kweli alikuwa ameanikwa kwenye mchanga mbele ya macho ya kila mtu. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo wa wale samaki wadogo wa baharini waitwao simu, na wengine wa aina hiyo. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha mababu zao waliingia maji baridi upande wa Afrika Magharibi, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, wakasambaa kupitia mito ya upande wa Kongo, na Tanganyika ilipojitokeza wakaingia. Nikisimulia hili kuna mtu lazima aseme kwamba bibi yake anauza wahamiaji.

Muda wenyewe ulikuwa mgumu kuliko vyote. Miaka bilioni 4.54 ukiiandika ubaoni ni sifuri nyingi tu. Tukaitandaza juu ya reli ya kati, ile ya zamani, kwa sababu wote wameipanda au wana ndugu aliyeipanda. Dar es Salaam dunia inaumbika, Kigoma ni leo. Safari ni takriban kilomita 1,250, hivyo kila kilomita ni miaka milioni 3.6. Treni inatembea mpaka karibu na Kilosa ndipo unakutana na dalili za wazi za uhai, vijidudu vya chembe moja vilivyojenga mawe ya tabaka tabaka. Karibu na Manyoni hewa inaanza kuwa na oksijeni. Kabla ya Tabora zinatokea chembe zenye kiini. Unashuka Tabora, unanunua asali, unanyoosha miguu, na duniani bado hakuna mnyama hata mmoja. Hapo ndipo wanapopiga kelele: theluthi mbili ya safari, hakuna hata mdudu!

Unapita Urambo, Kaliua, Nguruka. Kati ya Nguruka na Uvinza, miaka milioni 538 iliyopita, wanyama wenye magamba na miguu wanajaa baharini. Maeneo ya Uvinza, miaka milioni 375, samaki mwenye mapezi yenye mifupa ya mkono, Tiktaalik, ambaye kisukuku chake kilipatikana Kanada mwaka 2004. Na hapo napenda kusimamisha treni, kwa sababu vinamasi vya Malagarasi viko palepale, na ndani yake yuko kambare mamba, samaki anayevuta hewa kwa mapafu. Yeye ni ndugu yetu wa karibu zaidi kuliko alivyo ndugu wa dagaa. Wanafunzi hulikataa hilo kwa nguvu zote mpaka waone mifupa ya pezi lake. Kilomita 70 kabla ya Kigoma, kifo kikubwa kuliko vyote, miaka milioni 252 iliyopita. Kilomita 18, dinosaria wanakwisha. Kilomita 7, sokwe wa kale wa bonde la Rukwa, taya lililotangazwa mwaka 2013, umri wake miaka milioni 25. Kilomita 3 hivi, ziwa linaanza kujaa. Chini ya kilomita 2, njia yetu na ya sokwe mtu zinaachana. Kilomita moja, nyayo za watu wa kale za Laetoli. Binadamu wa aina yetu anatokea mita 80 hivi kabla ya reli kuisha, tayari uko stesheni. Kilimo ni hatua tatu za mwisho.

Baada ya hapo ndipo tunarudi Gombe, na lile swali la mwanzo sasa wanalijibu wenyewe, mara nyingi kwa kumkejeli aliyeuliza. Sokwe si babu yetu, ni binamu. Babu wa pamoja aliishi karibu miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, na tangu hapo wao nao hawakusimama kutusubiri. Vinasaba vyetu vinalingana kwa takriban asilimia 98.8. Waliowahi kupanda boti kwenda hifadhini wanakumbuka kuambiwa wavae barakoa na wakae mbali: mafua yetu yanawapata na yanaweza kuwaua. Mfano huo una nguvu kuliko hata habari ya mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, kuwaona wakivua mchwa kwa vijiti mwaka 1960, maana mwanafunzi ameuvaa usoni.

Mzazi mmoja, mzee wa Ujiji, aliwahi kunifuata hadi ofisini. "Mwalimu, ni kweli mnawafundisha watoto kwamba babu yao nyani?"

"Hapana mzee wangu. Akijibu hivyo kwenye mtihani anakosa."

Akakaa. Nikamweleza habari ya dagaa na ya konokono, na sikumwomba abadili anachoamini. Somo langu linauliza ushahidi unaonyesha nini, na msikiti na kanisa vina maswali yao. Alipoondoka tulikuwa tunazungumzia migebuka ilivyopungua na kama kufunga ziwa kwa miezi mitatu, kama ilivyofanyika mwaka 2024, kunasaidia. Wanafunzi wenye hofu ya namna hiyo wako, na hawastahili kuchekwa mbele ya wenzao.

Darasa moja lilinibana pagumu zaidi, wala si kwa habari ya nyani. Nilikuwa nimewasimulia Synodontis multipunctatus, kambare mdogo mwenye madoadoa, anayedondosha mayai yake pale jike la samaki wa ukoo wa perege linapotaga na kuokota mayai kinywani ili kuyalea. Jike linaokota yote. Vifaranga vya kambare huanguliwa mapema na kuwala wenye nyumba, humo humo kinywani. Msichana wa dawati la nyuma akasema hiyo inaupinga uteuzi asilia moja kwa moja: baada ya muda wote huo, mama asiyeweza kutambua mayai ya adui angekuwa ameshaisha.

Nikamwambia yuko karibu sana na utafiti uliotoka mwaka 2018. Walipowaweka kambare hao pamoja na samaki wa maziwa mengine ya Afrika ambao hawakuwahi kuishi nao, samaki hao walitapeliwa kwa urahisi. Wa Tanganyika walioishi naye kwa vizazi vingi waliyatema mayai ya kambare mara nyingi zaidi. Lakini kutema kuna gharama, kwa sababu mama mwenye wasiwasi hutema na ya kwake.

"Basi atafute katikati," akasema kijana mmoja.

"Katikati ya nani? Kambare naye si anabadilika?" msichana akamrudia.

Wakagawanyika pande mbili na kubishana mpaka kengele ya uji ikalia, na bado hawakutoka. Niliwapa kazi ya kuandika, kila mmoja, ni vipimo gani wangechukua, kwa samaki gani na kwa vizazi vingapi, ili kujua nani anashinda. Zilizokuja Jumatatu zilikuwa na michoro zaidi ya maneno, na nyingi zilidai tununue tangi la samaki.

Tangi hatukulipata. Tulitumia beseni.